SIBAWAYHI, RAHAWAYHI, NIFTAWAYHI: NANI ALIYEKWAMBIA DINI IKO KWENYE MLIO WA JINA?



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, darasa la leo ni refu kidogo. Soma mpaka mwisho ndipo uandike maoni. Usisome kichwa cha habari ukakimbilia kujibu.

Kuna ugonjwa umeingia mitandaoni na unaota mizizi. Zinazunguka orodha za "majina ya kikafiri wanayoitwa Waislamu". Ndani yake utamkuta Makame, utamkuta Kombo, Mwanakombo, Shomari, Mosi, Tatu. Chini yake vijana wamejaa: "Badilisha jina ndugu, hilo si la Kiislamu." Ukimuuliza kijana huyo dalili yake, hana aya wala hadithi. Alichonacho ni sikio tu. Jina halikulia Kiarabu masikioni mwake, basi amelihukumu.

Na ugonjwa wa pili ni ndugu wa huo wa kwanza. Vijana hao hao wanaoogopa jina "Kombo" hawaogopi kumwita Muislamu mwenzao Kipara, Chongo, Bonge au Mkaa. Hapo hakuna anayeuliza dalili. Hapo ni kicheko tu.

Yaani lililo halali wameliharamisha, na lililo haramu wamelifanya mchezo. Leo tutawajibu kwa majina ya maimamu wenyewe.

KUNDI LA MAJINA YENYE MWISHO MMOJA

Mwanafunzi yeyote aliyefungua kitabu cha nahau au cha hadithi amekutana na watu hawa: Sibawayhi. Ibn Rahawayhi. Niftawayhi. Ibn Khalawayhi. Ibn Durustawayhi. Ibn Zanjawayhi. Ibn Mardawayhi.

Umesikia mwisho wake? "-Wayhi, -wayhi, -wayhi." Mlio huo si wa Kiarabu, ni wa Kiajemi. Ni mwishio ambao Waajemi waliutia kwenye majina na lakabu zao, wenyewe wakitamka karibu na "-uya", kama sisi tunavyomkata Muhammad akawa Mudi na Rashidi akawa Chidi. Waarabu wakausikia, wakautamka kwa ulimi wao, ukabaki.

Haya, nani hawa?

Sibawayhi ni Abu Bishr, Amri bin Uthmani bin Qanbar. Mzaliwa wa Baydha, karibu na Shiraz, katika nchi ya Waajemi. Hakuwa Mwarabu kwa nasaba, alikuwa maula, yaani mtu aliyefungamanishwa na kabila la Kiarabu. Akakulia Basra. Inasimuliwa kuwa alianza kwa kusoma hadithi kwa Hammad bin Salama, akakosea irabu ya neno moja mbele ya sheikh wake, sheikh akamsahihisha hadharani. Akaapa kutafuta elimu ambayo baada yake hakuna atakayemkosoa ulimi. Akaenda kwa Khalil bin Ahmad, akakaa miguuni pake. Matokeo yake ni kitabu cha nahau ambacho umma hata jina haukukipa. Kinaitwa "Al-Kitab", Kitabu, basi. Alifariki kiasi cha mwaka 180 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri, akiwa bado hajazeeka.

Tafakari hapo ewe ndugu yangu. Huyo unayemtegemea ujue kwa nini neno hili la Qur'ani lina dhamma na lile lina fat-ha, jina lake analojulikana nalo duniani ni la Kiajemi. Wengi wamelieleza kuwa ni "harufu ya tufaha". Tufaha! Hakuna ndani yake Abdul wala Din. Na hakuna mwanachuoni aliyesema tumwondoe kwenye vitabu mpaka abadilishe jina.

Ibn Rahawayhi ni Is-haka bin Ibrahim Al-Handhali, imamu wa Khurasani, aliyezaliwa mwaka 161 na kufariki Naisapuri mwaka 238 Hijria. Bukhari amesoma kwake. Muslim amesoma kwake. Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai wote wamepokea kwake. Na inasimuliwa kwamba ni katika darasa la Is-haka huyu ndipo lilitoka lile neno la kutamani mtu akusanye hadithi sahihi tupu, likaingia moyoni mwa Bukhari, akaanza kazi ya Sahihi yake. Kila unapofungua kitabu kile, kuna mkono wa mtu mwenye jina la "-wayhi".

Niftawayhi ni Ibrahim bin Muhammad bin Arafa, mzaliwa wa Wasit mwaka 244, aliyefariki Baghdad mwaka 323 Hijria. Mwanachuoni wa nahau na lugha. Na huyu, sikilizeni vizuri, alikuwa Mwarabu wa kabila la Azd, kabila ambalo Waomani wengi wananasibishwa nalo mpaka leo. Mwarabu halisi, lakabu yake ina mkia wa Kiajemi!

Basi mlio wa Kiajemi haukumtoa Sibawayhi kwenye Uislamu, wala haukumtoa Niftawayhi kwenye Uarabu. Na wewe mtu wa pwani unayejisifu kuwa babu zako ni Washirazi: Sibawayhi ndiye Mshirazi. Mbona huogopi jina lake, ukaogopa la bibi yako Mwanakombo?

"LAKINI SHEIKH, WANACHUONI WENGINE WALIUCHUKIA MLIO HUO"

Najua kuna mwanafunzi atakuja na hili, na mimi sikimbii. Ni kweli. Watu wa nahau wanatamka "Rahawayhi" na "Sibawayhi" kwa kasra mwishoni. Watu wa hadithi wengi wakatamka "Rahuya". Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuwa "wayhi" inafanana na ukelele wa mtu anayelia msiba, na wengine wakataja kauli kuwa ni jina la shetani. Kauli hiyo si hadithi ya Mtume (s.a.w.), na haina nguvu ya kujengea hukumu.

Lakini tazama adabu yao. Hata waliouchukia mlio, walifanya nini? Waligeuza matamshi kidogo, basi. Hawakumwambia Is-haka: "Ewe Muajemi, tupa jina la baba yako." Hawakuandika orodha. Waliendelea kukaa mbele yake na kalamu zao, wakapokea hadithi za Mtume (s.a.w.) kwake. Dalili uliyoileta dhidi yangu imekuwa dhidi yako.

MTUME (S.A.W.) ALIBADILISHA MAJINA GANI?

Hapa ndipo penye kisu chenyewe. Wanasema: "Mtume alibadilisha majina." Ndiyo, alibadilisha. Lakini alibadilisha yapi?

Kwanza, yenye kumwabudisha mtu kwa asiyekuwa Allah. Abdurrahman bin Auf (r.a.) hakuwa na jina hilo kabla ya Uislamu. Imepokewa kuwa aliitwa Abdu Amri au Abdul Kaaba. Likabadilishwa, kwa sababu mja ni wa Allah peke yake.

Pili, yenye maana mbaya. Katika Sahihi Muslim, alikuwepo mwanamke aitwaye Aswiya, kwa ain na swad, maana yake muasi. Mtume (s.a.w.) akamwita Jamila. (Na tafadhali, msiende sasa kuwatisha akina dada Asia. Jina la mke wa Firauni, yule mwanamke mwema, ni kwa alifu na siin, herufi nyingine na maana nyingine.)

Sasa niambie: jina "Umar" lilikuwepo kabla ya Uislamu au halikuwepo? "Uthman"? "Khadija"? Yote hayo waliitwa kabla ya wahyi kuteremka, na wazazi wengi wao hawakuwa Waislamu. Hakuna lililobadilishwa. Na wasiokuwa Waarabu je? Fayruz Ad-Daylami (r.a.), Swahaba wa asili ya Kiajemi, aliyehusika kumuua Al-Aswad Al-Ansi aliyedai utume kule Yemen. Fayruz ni jina la Kiajemi, na amebaki Fayruz. Maria Al-Qibtiya (r.a.), mama wa Ibrahim mtoto wa Mtume (s.a.w.), alikuja kutoka Misri na jina lake. Amebaki Maria ndani ya nyumba ya Mtume mwenyewe.

Basi kipimo cha Mtume (s.a.w.) kilikuwa maana. Hakikuwa mlio wala lugha.

Tukirudi kwetu: Mosi ni wa kwanza, Tatu ni wa tatu. Mwajuma amezaliwa Ijumaa. Uchafu uko wapi? Ama majina kama Tabu, Shida, Mashaka, Chuki, hapo nakubali, ni bora yabadilishwe, kwa sababu mtoto hakosi haki ya jina zuri. Lakini hata hapo tazama upole wa Mtume (s.a.w.). Katika Bukhari, babu yake Said bin Al-Musayyib aliitwa Hazn, yaani ugumu. Mtume (s.a.w.) akamshauri awe Sahl, yaani wepesi. Mzee akakataa, akasema hawezi kuacha jina alilopewa na baba yake. Mtume (s.a.w.) hakumlazimisha, wala hakumtoa kwenye safu. Said mwenyewe alikuja kusema kuwa ule ugumu ulibaki kwenye ukoo wao. Yaani ushauri ulikuwa wa kheri, na aliyeukataa alikosa kheri. Lakini ulibaki ushauri. Wewe ni nani unayemfokea mtu kwa jina "Makame" lisilo hata na maana mbaya?

MADHARA YAKE NI MAKUBWA KULIKO MNAVYODHANI

Kijana amesilimu Ijumaa. Bado hajajua Fatiha. Jumamosi mmeshamwambia jina lake ni la kikafiri, na la baba yake ni la kikafiri, yote yaondoke. Anaenda kwa mama yake ambaye bado hajasilimu, anamwambia: "Jina ulilonipa nimelitupa." Mmemwonyesha mama huyo Uislamu upi? Amejua kuwa Allah ni mmoja, au amejua kuwa mwanawe ameibiwa?

Wapo wanaovuka mpaka kabisa, wanamwambia abadilishe jina la BABA. Awe Yusuf bin Abdallah, wakati baba yake ni John. Hili si sunna, ni kosa. Allah katika Suratul Ahzab aya ya 5 ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na Mtume (s.a.w.) ametoa onyo kali kwa anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake huku akijua. Ikrima (r.a.) alisilimu akawa shujaa wa Uislamu, na bado ni Ikrima mtoto wa Abu Jahli. Hakuna aliyemfutia baba. Ikiwa baba huyo hakufutwa, baba wa nani afutwe?

Mtu akisilimu na jina lake halina shirki wala maana mbaya, abaki nalo. Akitaka mwenyewe jina la Swahaba au Nabii, ni kheri, achague kwa mapenzi. Mfundisheni kwanza kuswali.

SASA TUJE KWENYE LAKABU

Upande wa pili wa ugonjwa ni huu, na huu ndio wenye dhambi ya wazi. Suratul Hujurat aya ya 11 imekataza Waislamu kudharauliana, kutiana aibu na kuitana kwa lakabu mbaya, na ikaliita jambo hilo ufasiki baada ya imani. Imepokewa katika Abu Dawud na Tirmidhi kuwa aya hii iligusa watu wa Banu Salima. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, mtu mmoja kwao alikuwa na majina mawili au matatu. Akiitwa kwa mojawapo, huambiwa Mtume (s.a.w.) kuwa mwenyewe hulichukia.

Umeona neno lenyewe? HULICHUKIA. Kwa hiyo kipimo cha pili ni ridhaa ya mwenye jina.

Turudi kwa Ibn Rahawayhi. Amiri wa Khurasani, Abdallah bin Tahir, alimuuliza: kwa nini unaitwa Ibn Rahawayhi, maana yake nini, na je unachukia kuitwa hivyo? Is-haka akamweleza kuwa baba yake alizaliwa njiani, na "rah" kwa Kiajemi ni njia, ndipo watu wa Marwu wakamwita Rahawayhi, yaani wa njiani. Baba yake alikuwa akilichukia jina hilo. Ama yeye, halichukii.

Subhanallah! Tazama amiri alivyouliza. Hakuishia kwenye maana, aliuliza "unachukia?" Na tazama jibu: neno lile lile, baba analichukia, mtoto haoni tabu. Basi kumwita nalo baba ni kumuudhi, na kumwita nalo mtoto ni kumtambulisha. Usiseme "mbona kaka yake tunamwita hivyo na anacheka?" Kaka yake siye yeye.

Na wanachuoni walilifuata hili. Ismail bin Ibrahim, mpokezi mkubwa wa hadithi, alijulikana kama Ibn Ulayya, kwa jina la mama yake, naye hakulipenda. Imamu Ahmad akamzuia Yahya bin Main asimwite hivyo, amwite Ismail bin Ibrahim, kwa kuwa imemfikia kuwa mwenyewe analichukia. Hawa wanazungumzia elimu ya wapokezi, ambako kumtambua mtu ni dharura, na bado wanajali moyo wake. Wewe unatania tu kijiweni, huna dharura yoyote, na hujali.

Atasema mtu: "Mbona vitabu vimejaa Al-A'mash, mwenye macho dhaifu, na Al-A'raj, kiguru?" Jibu: hao walijulikana kwa hayo, na wanachuoni wakaruhusu kwa kutambulisha tu. Bukhari ameweka mlango mzima katika Kitabu cha Adabu kuhusu kumtaja mtu kwa urefu au ufupi, akaleta kisa cha Mtume (s.a.w.) kumtaja Dhul-Yadayn, mwenye mikono, na akaweka sharti la yale yasiyokusudiwa kumtia mtu aibu. Hicho ni kipimo cha tatu: nia.

Sasa mtazame Niftawayhi. Inaelezwa kuwa alipewa lakabu hiyo kwa weusi wa rangi yake na sura yake, akafananishwa na "nift", mafuta meusi yanayowaka, kisha wakaongeza mkia wa "-wayhi" kwa sababu alifuata njia ya Sibawayhi katika nahau. Kwa heshima ya elimu, jina likazoeleka. Lakini akatokea mshairi mwenye chuki, akalipasua jina hilo vipande viwili: nusu ya kwanza akaifanya moto wa kumuunguza, nusu ya pili akaifanya kilio cha kumlilia. Watu wakacheka. Miaka zaidi ya elfu imepita na dhihaka ile bado inanukuliwa kila anapotajwa mzee wa watu.

Hiyo ndiyo lakabu mbaya, ndugu zangu. Hudumu kuliko mwili. Wewe umemwita mtoto wa jirani "Mkaa" kwa rangi yake. Umemwita mwenye ulemavu wa ngozi kwa neno ambalo mama yake hulilia. Umemwita binti "Bonge" mbele ya wenzake akaacha kuja madrasa. Wewe utasahau jioni. Yeye ataolewa, atazaa, atazeeka, na bado atalisikia. Siku ya Kiyama atakuja kulidai.

NA LAKABU ZETU ZA "-I"

Wao walikuwa na "-wayhi", sisi tuna "-i". Fungua mjadala wowote wa dini mtandaoni: Wahabi. Kuburi. Ikhwani. Madkhali. Haddadi. Takfiri. Mtu ameuliza swali la udhu, kabla hajajibiwa ameshabandikwa "-i".

Utasema: wanachuoni walitaja makundi kwa majina, Khawariji na Mutazila. Kweli. Walitaja kauli, wakaileta kama ilivyo, kisha wakaijibu kwa dalili. Wewe umeleta kauli gani? Umejibu nini? Ukiondoa lakabu kwenye maoni yako, kinabaki neno gani la elimu? Kama hakibaki kitu, basi hukuwa unatetea sunna. Ulikuwa unafanya lile lililokatazwa katika Hujurat, huku umevaa kanzu ya kutetea dini.

MIZANI YA KUSHIKA

Kabla hujamwita mtu, wala hujamhukumu kwa jina lake, uliza matatu:

1. MAANA. Lina shirki au ubaya? Kama halina, nyamaza, hata kama si Kiarabu.
2. RIDHAA. Mwenyewe anaridhia? Kama hujui, muulize kama alivyouliza Abdallah bin Tahir.
3. NIA. Unamtambulisha au unamtia aibu? Hili Allah anakujua.

Kwa mizani hii, Mudi, Chidi na Dulla hawana neno wakiwa wameridhia. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwita mama yetu Aisha kwa kulikata jina lake kwa mapenzi, "Aish". Ila chungeni kitu kimoja: msikate "Abdu" mkamwacha mtu na jina la Allah. Abdurrahman usimwite Rahmani. Abdurrazaq usimwite Razaki. Hapo umekata sehemu inayosema kuwa yeye ni mja.

Na lakabu nzuri ni sunna. Ali (r.a.) aliitwa Abu Turabi, mtu wa udongo, na hakuna jina alilolipenda kuliko hilo. Kwa nini? Kwa sababu aliitwa nalo na mdomo uliompenda, siku aliyokuwa na maudhi, akipanguswa vumbi mgongoni. Neno "udongo" likawa taji. Ninyi mnachukua majina mazuri mnayafanya matusi.

Mwenye orodha ya "majina ya kikafiri" na aifute leo. Na yeyote mwenye ndugu anayemwita kwa lakabu anayoichukia, asilale leo kabla hajampigia simu amwombe radhi na kumwita kwa jina lake.

Ya Allah, tusafishie ndimi zetu. Utuite Siku ya Kiyama kwa majina mazuri, wala usitufedheheshe mbele ya viumbe vyako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie mwenzako, huenda yupo anayengoja kuombwa radhi.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.